Nilijibu "mbaya" kwenye salamu, nikaulizwa nani amekufa

NjombaWaDirishani (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Jibuni nzuri tu, msijisumbue.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, wilaya ya Newala. Kijiji nakificha, maana huku nikitaja hata mti watu watajua nyumba. Kibanda changu kina dirisha moja, na nje kuna benchi la mbao chini ya mkorosho. Kutoka benchi hadi dirishani hazifiki hatua nne, ila watu wakizivuka wanabadilika kabisa. Msimu huu wa korosho ndio nimeliona hilo vizuri.

Benchi ni la kungojea foleni na kupiga soga. Mtu hajakaa sawasawa anaulizwa, "Malipo yameingia?" Anajibu, "Bado, njomba." "Umepeleka gunia ngapi ghalani?" "Aah, mwaka huu tumeambulia za kulipia salfa ya kupulizia mikorosho tu." Huyohuyo akifika dirishani anaingiza kichwa chote ndani na kuninong'oneza nimtolee laki nane. Kuna mmoja huwa anaandika kiasi kwenye kiganja kwa peni, ananionyesha, halafu anafuta kwa mate. Benchini malipo hayajaingia kwa mtu hata mmoja, huku ndani daftari langu limejaa mpaka pembeni.

Mwanzo nikawa nawaona waongo. Sasa nawaelewa. Ukitaja gunia zako za kweli pale nje, jioni utakuwa na wageni watatu: mmoja ana mgonjwa, mwingine ana ada ya mtoto, na wa tatu hana shida yoyote ila kasikia.

Sasa kisa chenyewe. Juzi Jumanne, asubuhi, ukungu hata haujainuka, kaja mama mmoja kumwekea kijana wake wa chuo laki tatu na themanini. Kanitajia namba, nikabonyeza. Mwishoni palikuwa na sita, nikaweka tisa. Jina lilikuja kwenye simu, wakuu, lilikuja kabisa, sikulisoma. Nikaweka namba ya siri. Aliyepokea akaitoa ndani ya dakika kumi, na simu hapokei mpaka leo. Kosa ni langu, simsukumii mtu. Nikachomoa kwenye floti yangu, yaani hela ya kuendeshea miamala, nikamwekea yule mama hela yake, kisha nikabaki nimekaa naangalia ukuta.

Kabla ya saa mbili akaja babu jirani. Mimi na huyu mzee tunasalimiana kila siku maneno yaleyale, hata nikiwa usingizini naweza kuyasema.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za asubuhi?"

Sijui nilipatwa na nini. Nikasema, "Mbaya, babu."

Mzee akaganda. Alikuwa anatoa simu kwenye mfuko wa shati, mkono ukabaki humohumo. Akanitazama, akachungulia nyuma yangu, kwenye kiti, kwenye kreti za soda, kama vile kuna mtu amelazwa pale. Kisha akavua kofia yake taratibu, akaishika kifuani. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa babu, ni hela, nimekosea namba.

Nilidhani atafurahi kwamba hakuna msiba. Alikasirika! Kofia akairudisha kichwani kwa kuigandamiza. "Sasa si ungesema nzuri, ila umepoteza hela! Unanitupia mbaya hivihivi, na mimi moyo huu nilionao?" Akaondoka, hata hela aliyokuja kutoa hakutoa.

Benchini walikuwepo watu wanne. Walichosikia ni "mbaya" na "nani". Ya hela hawakuyasikia. Kufika adhuhuri wakaja kina mama wawili wamejitanda kanga, mmoja kashika mfuko wa unga wa muhogo, wanauliza maziko saa ngapi. Kijana anayenipa soda kwa mali kauli akaja kudai chake siku tatu kabla, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. Wateja nao wakawa wananipita wanaenda kwa wakala wa kule juu, eti "huyu floti imekwisha." Kidogo ilikuwa kweli, lakini ndio waitangaze?

Swali langu kwenu: siku mambo yakiwa mabaya kwelikweli, mnajibu nini?

---

Siti_ya_Mbele

Nipo hapa na korosho zangu za kukaanga. Endeleeni.

---

Bwana Mbaazi

Mleta mada, babu yuko sahihi na wewe umekosea. Huku kwetu "nzuri" siyo jibu, ni mlango. Unafungua kwanza, halafu unaingiza mzigo wako. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila mama alianguka juzi." "Habari za safari?" "Salama, ila gari limelala Mingoyo." Nimepigiwa simu ya msiba wa kaka yangu hivyohivyo. Shemeji kanisalimia, kaniuliza watoto, nikamuuliza huko vipi, akasema huku wazima, ila kaka yako hatunaye tangu alfajiri. Mtu wa mbali atasema huyu kadanganya, huko wazima wa wapi? Mimi nilishukuru. Zile salamu zilinipa muda wa kukaa chini.

Wewe ulimnyima mzee hiyo "ila", ndiyo maana akavua kofia.

---

Pakacha

Chai hii. Hakuna mzee wa Newala wa kuondoka dirishani bila hela yake kisa salamu.

---

NjombaWaDirishani

@Pakacha njoo uonje kama ina sukari. Alirudi saa kumi kuichukua.

---

Ticha Mstaafu

Wanangu, niongeze kidogo, nimefundisha Kiswahili miaka mingi kabla sijarudi shambani Tandahimba.

Tazameni neno lenyewe. "Hujambo" ni ile hu- ya kukanusha na jambo. Mtu anakuuliza kama huna jambo, nawe unajibu "sijambo", yaani sina jambo. Jibu lilishapikwa ndani ya swali. Katika maisha yangu yote sijasikia mtu mzima akijibu "nina jambo", na aliye na jambo anasema sijambo kwanza. Hata nilipokuwa natoa adhabu shuleni, mtoto anakuja analia, nikimuuliza hujambo ananijibu sijambo huku machozi yanamtoka. Vijana nao wakaja na "mambo?" Wazee waliuliza kama huna jambo, vijana wakauliza mambo yenyewe, na kwa wingi! Jibu likawa "poa". Maneno yamegeuka, ngoma ni ileile.

Yuko mtaalamu mmoja, Bronisław Malinowski, Mpolandi aliyefundisha Uingereza, ambaye wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia aliishi visiwa vya Trobriand, upande wa Papua Guinea Mpya. Mwaka 1923 aliandika kwamba maneno ya aina hii, kuulizana hali, kuzungumzia mvua na jua, hayapo kwa ajili ya kupashana habari. Kazi yake ni kuwaweka watu pamoja, maana mtu akikaa karibu nawe kimya unaanza kumwogopa. Nikisoma hayo huwa nawakumbuka wazee wangu waliokaa na kulizungumza jua la jana saa nzima na hakuna aliyechoka.

Kwa hiyo babu hakukuuliza habari zako, mjukuu wangu. Alikuwa anakujulisha kwamba yupo na amekuona. Wewe ukampa taarifa.

---

Bata Bukini

Ticha, shikamoo, lakini mwenzetu kapoteza laki tatu na themanini wewe unampeleka visiwani.

---

MgeniWaMasasi

Nina langu. Mimi ni mtu wa Kagera, nilipangiwa kazi Masasi. Wiki ya kwanza nilipita nyumba moja jioni, familia iko uani inakula, wakaniita "karibu chakula!" Nyumbani kwetu mimi nimelelewa hivi: ukiitwa chakulani unaosha mikono. Nikaingia. Nikaosha. Nikakaa mkekani.

Ilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, sahani moja, watu watano. Wakanisogezea. Hakuna aliyenuna, niseme ukweli, ila nikaona yule mama anamtazama binti yake mkubwa, na binti akanyanyuka kimya akaenda jikoni hakurudi tena. Tonge la tatu ndipo nikaelewa kwamba nakula sehemu yake. Ningekula nisingekula, nimeshaharibu. Nikala kisamvu kitamu kuliko vyote nilivyowahi kula huku natamani ardhi inimeze.

Kesho yake mwalimu mwenzangu akaniambia jibu lilikuwa "ahsanteni, starehe" na kupita. Sasa kwa nini mtu aniambie karibu kama hataki nikaribie?

---

Somo wa Mikindani

@MgeniWaMasasi usituchafulie kusini. Karibu yetu ni ya kweli, tatizo lako hukuhesabu. Karibu ya kwanza ni ya mpita njia, na jibu lake ni starehe. Ya pili wanakupima kama una njaa. Ikifika ya tatu na mtoto ameshatumwa maji ya kunawa, hapo ukikataa umewatukana. Wewe uliingia na ya kwanza kama mwenye nyumba.

Ila nimecheka, na huyo binti namwonea huruma mpaka leo.

---

Mkulima wa Gunia Mbili

Wakala, tena usituone waongo. Kuna mwaka "za salfa tu" ilitutokea puani.

Novemba 2018, wanunuzi walipokuwa wanataka bei ndogo, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kubeba. Tukashangilia. Ndipo ukaja uhakiki. Mwenye mzigo mkubwa ghalani anatakiwa aonyeshe shamba lililouzaa, lengo kuwanasa watu wa kangomba wanaonunua kwa bakuli kwa wakulima wenye shida. Jirani yangu, mtu wa msikitini kabisa, kwa miaka yote benchini anasema amepata gunia mbili. Siku ya uhakiki ikabidi asimame mbele ya watu na kusema kwa sauti ana tani ngapi, mikorosho mingapi, mpaka wake unaishia wapi. Na sisi majirani tuthibitishe! Tukathibitisha. Tukirudi njiani hakuna anayemsemesha. Siyo kwamba tulikuwa hatujui. Tulikuwa tunajua siku zote, tulizoea tu kutokuambiwa.

Mpaka leo ukimuuliza anasema gunia mbili, na mimi namwitikia "pole, mwakani Mungu atajalia."

---

Pakacha

Hii sasa siyo chai.

---

Nesi_Pwani

Mimi niko zahanati, Lindi vijijini. Nyie mnacheka ila hizi salamu mimi zinanitesa kazini.

Bibi anaingia, anatembea kwa kushika ukuta. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, hujambo? Sijambo bibi, wewe je? Sijambo, sina neno. Watoto hawajambo? Hawajambo. Anakaa. Tunatazamana. Kama mgeni wa kazi unaweza kumwambia basi nenda nyumbani! Huyo bibi wa "sina neno" ana siku nne hajalala kwa kifua.

Nilipoanza kazi nilikuwa nauliza mara moja naandika. Siku hizi nimejifunza kuuliza kwa kuzunguka. Nasema "bibi, usiku umelala upande gani?" Hapo anafunguka: upande wa kulia siwezi, nikilala chali pumzi inakata, nimekaa tu mpaka kunapambazuka. Hajawahi kuniambia "naumwa", mpaka nimuulize habari za kitanda.

Halafu wakati wa kuondoka, nimeshamwandikia dawa na rufaa juu, ananiambia "haya mwanangu, mimi sijambo."

---

Mama Kisamvu

Nimewasoma wote kimya kimya. Sasa niwaulize nyie wanaume wa "bado".

Wa kwangu hakuishia kusema bado benchini. Alisema bado mpaka chumbani. Wiki mbili nakopa unga na sukari dukani, kila jioni namuuliza baba fulani, malipo yameingia? Bado mke wangu, wanachelewesha. Nikamwonea huruma, nikaacha hata kumuuliza. Taarifa nilipewa kwenye foleni ya maji na mwanamke mwenzangu, tena bila kukusudia: "nyie si mmeshalipwa, mnada mmoja na sisi?" Ndoo ilinikaa mkononi.

Mwongopee mpita njia anayetaka kukopa, sina ugomvi. Mimi nilipalilia hiyo mikorosho. Niliokota korosho hizo na mgongo huu.

Na wewe wakala unayejua ya kila mtu, mke akija dirishani akakuuliza mume wangu ametoa hela, unamjibu nini?

---

Siti_ya_Mbele

Uwiii. Korosho zimenikwama.

---

Bwana Mbaazi

Mleta mada, uko wapi? Unaitwa.

---

NjombaWaDirishani

Nipo, nilikuwa nahudumia.

Mama Kisamvu, umenishika pabaya. Nitasema ukweli kwa sababu humu hatujuani.

Msimu uliopita alikuja mmoja. Siyo wewe, wa kwangu alikuwa na mtoto mgongoni. Akanisalimia vizuri sana, akaniulizia mke wangu, akanisifia hata kibanda kimepakwa rangi. Halafu akauliza, kama vile anauliza bei ya vocha, "Baba yake hajapita hapa?" Mumewe alikuwa ametoka palepale jana yake na milioni moja na laki mbili, na kesho yake nimemwona na mwenye pikipiki wakielewana bei.

Siri ya mteja ni ya mteja, siwezi kumtolea mke wala mama wala shehe. Hiyo ni kazi. Lakini sikusema hivyo. Nilisema, "Leo mtandao unasumbua, mama, siwezi kuangalia chochote." Na palepale nyuma yake mtu anangoja, nikamhudumia huyo mtu na mtandao uko vizuri kabisa. Aliona. Alisimama pembeni anamtengeneza mtoto mbeleko muda mrefu kuliko inavyohitajika, akasema "haya, ahsante kaka," akaenda.

Bora ningemwambia tu "dada, hilo siwezi kukujibu."

---

Mama Kisamvu

Ungemwambia huwezi kumjibu, si ungekuwa umeshamjibu? Kama hajatoa ungesema hajapita.

---

NjombaWaDirishani

Ndio hapo sasa.

---

Ticha Mstaafu

Binti yangu huyu angekuwa darasani kwangu ningemkalisha mbele.

---

MgeniWaMasasi

Basi njia ni moja: wakala awe anajibu "siwezi kusema" kila siku kwa kila mtu, hata akiulizwa habari ndogo ndogo. Mume katoa au hajatoa, jibu lilelile. Hapo halimchomi mtu.

---

Somo wa Mikindani

@MgeniWaMasasi hatimaye umeanza kuwa mtu wa kusini. Hiyo si ndiyo "nzuri" yetu? Mzima au mgonjwa, jibu lilelile.

---

Bata Bukini

Tumezunguka wee tumerudi kwa babu. Mleta mada leta mrejesho, hela imepatikana?

---

NjombaWaDirishani

MREJESHO.

Hela haijarudi. Nimeripoti, nimeambiwa nisubiri, na mwenye ile namba amezima simu. Nimeshaiandika kwenye daftari upande wa hasara kwa wino mwekundu ili nisiisahau na nisiitegemee. Siku hizi jina likija nalisoma mara mbili kwa sauti, wateja wananiona mshamba.

Wale kina mama wa maziko walinirudishia tabasamu baada ya siku mbili tu. Unga niliwaambia warudi nao, yule mwenye mfuko akakataa, akasema ukishatoka na unga wa msiba haurudi nyumbani. Kwa hiyo tumekula unga wa msiba wangu mwenyewe. Mke wangu kausonga, kanitazama, hakusema kitu.

Leo asubuhi kaja babu. Benchi limejaa, maana jana kuna malipo ya mnada yameingia kwa chama chao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, babu."

Akasubiri. Kweli alisubiri, kichwa kakiinamisha upande.

"Ila hela haijarudi."

"Ahaa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyewekewa kiti. "Pole sana. Itarudi au itakuja nyingine." Kisha akaingiza kichwa dirishani, akaninong'oneza nimtolee laki sita, noti kubwa tupu, nisizihesabu juu juu. Akaziweka ndani ya kofia, kofia akaivaa.

Hajafika hata kwenye kivuli cha mkorosho nikasikia kijana wa benchini anamuuliza, "Babu, malipo yameingia?"

"Bado, mjukuu wangu. Wanachelewesha."

---

Pakacha

Laki sita kichwani 😂😂 Nimekubali, naomba radhi kwa chai yangu.

---

Mama Kisamvu

Bibi yake akija kuulizia je?

---

NjombaWaDirishani

Mama yangu, huku mtandao unasumbua leo.